Glenn Curtiss na Gurudumu la Tano



Mhariri wa sehemu ya Kiswahili alipotutaka sisi wanafunzi wa zamani tuandike juu ya maisha ya watu mashuhuri waliokwisha kufariki, nilijua mapema kwamba wenzangu watachagua wafalme, majemadari na wapigania uhuru. Mimi si mtu wa mambo makubwa hayo. Kazi yangu ni udereva. Naendesha pikapu ya bwana mmoja wa Lilongwe. Nachukua saruji, mabati na unga kutoka Kanengo kuja hapa Dzaleka, mwendo wa karibu kilomita 45, kisha narudi na watu na vitu vyao. Basi nimemchagua mtu ambaye habari zake nilizisoma nikiwa kidato cha pili, nikazielewa vibaya kwa miaka mingi, hata siku ile tela liliponifundisha. Jina lake ni Glenn Hammond Curtiss, Mmarekani, aliyefariki mwaka 1930.

Kitabu nilichomsoma hakikuwa na jalada. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimeliwa na mchwa, nasi tulikisoma kwa zamu, maana hapa Dzaleka, palipofunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu elfu kumi hivi na sasa pana zaidi ya 50,000, kitabu cha ndege hakikai rafuni hata siku moja. Nilisoma habari za mwendo wa kasi na za kuruka angani nikasahau hata kula. Lakini nilipofika sura ya mwisho, nilikuta kwamba mtu huyu, aliyekuwa bingwa wa ndege duniani, alimaliza siku zake akitengeneza matela ya kulala ndani, ya kuvutwa na motokaa. Niliona haya kwa ajili yake. Nikaifunga sura ile bila kuisoma, nikampa mwenzangu kitabu.

Curtiss alizaliwa tarehe 21 Mei 1878 katika kijiji cha Hammondsport, jimbo la New York, kando ya ziwa liitwalo Keuka, katika nchi ya mashamba ya zabibu. Baba yake alifariki naye hajatimiza miaka mitano. Dada yake mdogo, Rutha, akaugua homa ya uti wa mgongo, akapona lakini akawa kiziwi. Mama yao akahamia mji wa Rochester ili binti apate kusoma katika shule ya viziwi. Glenn mwenyewe hakusoma kupita darasa la nane. Akaajiriwa katika kiwanda cha Eastman, watengenezaji wa filamu za picha, kisha akawa tarishi wa simu za maandishi, akizipeleka nyumba kwa nyumba kwa baiskeli. Nawaomba vijana mlioko darasani msichukue habari hii ya darasa la nane kuwa ruhusa ya kutoroka hesabu. Mtaona mbele kwamba maisha yake yote yalikuwa hesabu tupu.

Baiskeli ile ya utarishi ndiyo iliyomfungulia njia. Akawa mshindani wa mbio, akarudi Hammondsport, akamwoa Lena Neff mwaka 1898, akafungua duka dogo la baiskeli. Kupiga pedali kupanda vilima kukamchosha, akataka injini. Mwanzoni mwa karne ya 20 alianza kufunga injini katika baiskeli, na inasimuliwa kwamba kabureta yake ya kwanza aliitengeneza kwa mkebe wa supu ya nyanya. Injini alizonunua kwanza zilimkera: moja ilikuwa dhaifu, nyingine ilikuwa na nguvu lakini nzito mno, hata baiskeli ikateseka kuibeba. Basi akaanza kutengeneza zake mwenyewe, nyepesi na zenye nguvu kwa pamoja. Hilo likawa shauri lake la maisha. Kila mara alipotazama chombo aliuliza kwanza kina uzito gani, na ni kitu gani kinachoubeba uzito huo.

Sifa za injini zake zikaenea. Mwaka 1904 Bwana Thomas Baldwin alifunga injini ya Curtiss katika puto lake la kuongozwa, nalo likaruka vizuri, na watu wa mambo ya hewani wakaanza kumtafuta fundi huyu wa kijijini. Mwaka 1907, tarehe 24 Januari, alikwenda pwani ya Ormond huko Florida na pikipiki ya ajabu. Alikuwa ameifunga injini ya silinda nane, yenye nguvu za farasi 40, iliyokusudiwa vyombo vya angani. Akakimbia juu ya mchanga mgumu kwa mwendo wa zaidi ya maili 136 kwa saa, yaani kilomita 219 hivi. Hapakuwa na mwanadamu aliyewahi kwenda kasi namna hiyo kwa chombo chochote, na magazeti yakamwita mtu mwepesi kuliko wote duniani. Nilipokuwa mwanafunzi nilisoma mpaka hapo nikashangilia. Sikuujali mstari uliofuata, unaosema kwamba alipokuwa akirudi, kiungo cha mtambo kilivunjika na fremu ikapinda. Injini iliweza, fremu haikuweza. Curtiss aliujali mstari huo kuliko nilivyoujali mimi.

Mwaka uo huo Alexander Graham Bell, yule aliyevumbua simu, alimwita ajiunge na chama kidogo cha vijana wa kujaribu ndege. Gharama zilitolewa na Bibi Mabel, mkewe Bell, ambaye naye alikuwa kiziwi; nadhani Curtiss, aliyekua pamoja na Rutha, alijisikia nyumbani katika jamii ile. Tarehe 4 Julai 1908, mbele ya watu wa kijiji chake, alirusha ndege iliyoitwa June Bug. Sharti la kushinda kombe lilikuwa kuruka kilomita moja kwa mstari ulionyooka. Yeye akapita kilomita moja na nusu. Mabawa yale yalikuwa ya nguo na vijiti, yamekazwa kwa nyaya. Ukitazama picha yake utadhani ni chandarua kilichopeperushwa na upepo. Lakini kila kijiti kilikuwa na kazi yake, na hapakuwa na kijiti kilichowekwa kwa ajili ya urembo.

Mwaka 1909 alikwenda Reims, Ufaransa, peke yake kati ya Wamarekani, akashindana na mabingwa wa Ulaya katika mbio za kilomita 20. Akamshinda Louis Blériot kwa sekunde chache tu, ingawa Blériot alikuwa ameshangiliwa majuma machache kabla kwa kuvuka mlango wa bahari mpaka Uingereza.

Lakini safari ninayoipenda mimi ni ya tarehe 29 Mei 1910. Gazeti moja la New York lilikuwa limetoa zawadi ya dola 10,000 kwa atakayeruka kati ya Albany na New York, kama maili 150, kufuata mto Hudson. Mto ule unapita kati ya milima, na upepo wake hupinduka bila hodi. Curtiss alijua kwamba akianguka ataanguka majini, kwa hiyo alifunga vyombo vya kuelea chini ya ndege. Kila ratili ya vyombo hivyo ilikuwa ratili ya petroli asiyoweza kuchukua. Hesabu ikamwambia kwamba hawezi kufika bila kutua, basi akapanga kutua. Alitua karibu na Poughkeepsie akajaza petroli, akatua tena ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Manhattan, akamaliza safari katika kisiwa cha Governors. Saa za hewani hazikutimia tatu. Mkewe alimfuata kwa gari la moshi lililokimbia kandokando ya mto, akimpungia kitambaa dirishani. Watu walisifu ushujaa wake. Mimi leo nasifu zaidi ule uamuzi wa kutua, kwa kuwa naujua uzito wa kumwambia tajiri kwamba safari moja haitoshi.

Sitaeleza yote aliyoyafanya baada ya hapo, maana ni mengi. Novemba 1910 rubani Eugene Ely aliruka kutoka juu ya manowari katika ndege ya Curtiss, na Januari 1911 akatua juu ya manowari nyingine. Mwezi uo huo Curtiss mwenyewe aliinuka kutoka maji ya ghuba ya San Diego, akaanzisha ndege za majini katika nchi yake. Tusidhani kwamba jambo hilo liko mbali nasi. Mwaka 1949 na 1950 ndege za majini za BOAC, zilizokuwa zikisafiri kati ya Uingereza na Afrika Kusini, zilikuwa zikitua Cape Maclear, katika ziwa hili la Malawi, na kabla ya hapo watu wa Kisumu na Dar es Salaam walikwisha kuzizoea ndege za namna hiyo. Katika vita vya kwanza vya dunia kiwanda chake kilitoa maelfu ya ndege za mafunzo zilizoitwa Jenny, na mwaka 1919 ndege ya NC-4, iliyotoka katika kazi zake, ilikuwa ya kwanza kuvuka bahari ya Atlantiki, kwa kutua visiwani njiani.

Ugomvi wake na ndugu Wright ulikuwa mrefu na mchungu. Wao walimshtaki tangu mwaka 1909 kwamba anatumia uvumbuzi wao wa kuongoza ndege bila kulipa. Mwaka 1914 mahakama ikawapa haki akina Wright, na mambo hayakutulia hata mwaka 1917, vita vilipowalazimisha wenye viwanda wote kuweka hati zao katika kapu moja. Mimi naona akina Wright walikuwa na haki ya kudai, na Curtiss alikuwa na haki ya kuendelea kutengeneza ndege bora. Kichekesho ni kwamba mwaka 1929 kampuni zenye majina yao ziliungana zikawa Curtiss-Wright.

Baada ya vita Curtiss aliacha shughuli za kiwanda, akiwa tajiri, akahamia Florida. Huko akanunua ardhi pamoja na mwenzake James Bright, wakaanzisha miji: Hialeah, Miami Springs, na Opa-locka. Na ndipo ilipoanza ile sura ya mwisho niliyoifunga kwa haya.

Hapa niruhusuni niache Florida nirudi Lilongwe.

Bwana wangu alinunua mnadani tela la aina ambayo hapa petu ni adimu kuonekana nyuma ya pikapu. Matela ya kawaida tunayoyajua hufungwa kwenye ndoano nyuma ya gari. Hili lilikuwa na shingo ndefu iliyopinda, ya kuingia juu ya sanduku la pikapu na kukaa juu ya kiti cha chuma kilichofungwa ndani yake. Ni jamaa moja na yale malori makubwa yanayopita barabara ya M1 na shehena za Beira na Dar es Salaam: kichwa mbele, tela nyuma, na katikati kile kisahani cha chuma chenye mafuta meusi. Kisahani hicho ndicho gurudumu la tano. Zamani za magari ya farasi, ekseli ya mbele ilipata kugeuka kwa sababu ya duara lililolazwa juu yake; na kwa kuwa gari lilikuwa na magurudumu manne ya kukanyaga ardhi, duara lile lisilokanyaga likaitwa la tano. Jina likabaki hata farasi walipoondoka. Mwaka 1914 mhunzi wa Detroit, August Fruehauf, alimtengenezea mfanyabiashara wa mbao tela la kuchukulia mashua nyuma ya motokaa ya Ford, na kutoka karakana yake yakatoka matela mengi ya malori.

Fundi akatuchomelea kiti ndani ya sanduku la pikapu. Kwa kuwa shingo ilikuwa fupi na tuliogopa isigonge dirisha la nyuma wakati wa kukata kona, tukamwambia akirudishe nyuma kidogo, kama shubiri moja na nusu nyuma ya ekseli. Bwana wangu akaniuliza kama gari litaweza. Nikamwonyesha kitabu cha gari: linaruhusiwa kuvuta kilo 3,000. Tela tupu ni kilo 900. Mifuko 40 ya saruji, kila mmoja kilo 50, ni kilo 2,000. Jumla 2,900. Nikasema tumebakiwa na 100. Nilijiona msomi.

Tukatoka Kanengo asubuhi. Mbele tulikaa watu watano, nikiwamo mimi, utingo, na akina mama watatu wafanya biashara wa Dzaleka. Mmoja wao alikuwa amemlipa bwana wangu apakie magunia manne ya mahindi ndani ya sanduku la pikapu, pembeni ya kiti cha tela. Kabla hatujafika Lumbadzi niliona usukani umekuwa mwepesi kama wa baiskeli ya mtoto. Gari lilikuwa limekaa kitako na kuinua pua. Mwenye lori aliyetoka mbele aliniwashia taa mchana kweupe. Nadhani alidhani nimemwashia mimi kwanza, kwa jinsi taa zangu zilivyotazama juu. Mmoja wa akina mama, mtu wa makamo ambaye sote twamwita Mama kwa heshima, aliniuliza kwa upole kama gari hili ni zima. Nikamwambia ni zima. Naam, nilimwambia hivyo.

Kabla ya njia panda ya kwenda Dowa, kwenye mteremko mdogo, mbuzi walikatiza barabara. Nikakanyaga breki. Magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yenye kazi kubwa ya kusimamisha na kuongoza, hayakuwa na uzito wa kuyakandamiza barabarani, yakateleza. Tela likatusukuma kutoka nyuma. Tairi moja la nyuma likapasuka, gari likaenda upande, likasimama majani yalipoanzia. Hakuna aliyekufa. Utingo, mdogo wangu kwa umri, aliteguka mkono, na mifuko kadhaa ya saruji ilimwagika. Tulipotazama chini tuliona fremu imepata ufa nyuma ya kibanda. Mama yule hakusema neno. Aliketi juu ya gunia lake, akanitazama, na kimya chake nimekuwa nacho tangu siku ile.

Gari lilipokuwa kwa fundi, nilikwenda maktaba nikaulizia kitabu kile kisicho na jalada. Nilikikuta, kimezidi kuchakaa, na nikaisoma sura ya mwisho, baada ya miaka zaidi ya kumi.

Curtiss alipenda kwenda porini na jamaa zake, kuwinda na kuvua samaki. Lakini tela la kawaida la siku zile lilimchukiza: lilifungwa nyuma kabisa ya motokaa, likayumba huku na huku kama mkia wa ng'ombe, na kila tuta la barabara liliwarusha abiria. Mwishoni mwa miaka ya 1920 akaunda tela alilolipa jina la Aerocar. Alichukua fikira ya gurudumu la tano la malori akaileta kwenye motokaa ndogo, na humo ndimo akili zake zote za ndege zilipoingia. Kwanza, badala ya kisahani cha chuma alitumia gurudumu la ndege lenye tairi lililojaa upepo, akalilaza chali nyuma ya kiti cha dereva. Ncha ya shingo ya tela ilishuka ikaingia katika kitovu cha gurudumu hilo. Tairi likawa godoro: mishtuko ya tela ikafia ndani yake. Pili, alilikalisha gurudumu lile karibu na ekseli ya nyuma, wala si mkiani, ili uzito uyakandamize magurudumu bila kuinua pua ya gari. Na tatu, jambo ambalo mimi nilikuwa sijalifikiri hata kidogo, alilifanya tela lenyewe kuwa jepesi. Kuta zake zilikuwa za mbao nyembamba zilizokazwa kwa nyaya za chuma, kama mabawa ya June Bug.

Nikajiuliza kwa nini mtu aliyekuwa na fedha za kununua lori kubwa alihangaika na nyaya. Jibu nililipata nilipokumbuka ng'ombe wa vijiji vya Dowa. Fahali wawili huvuta mkokoteni, ule Wachewa wauitao ngolo, wenye magunia ya mahindi hata ukashangaa. Lakini jaribu kuyapandisha magunia yale mgongoni mwa fahali mmoja. Kuvuta ni hesabu moja, kubeba ni hesabu nyingine. Tela la ndoano hulibebesha gari sehemu ndogo tu ya uzito wake, kama moja ya kumi. Tela la gurudumu la tano hulalia mgongoni mwa gari, na hulipa moja ya tano mpaka moja ya nne ya uzito wake wote. Ndiyo sababu haliyumbi, na ndiyo sababu linaweza kuvunja mgongo wa gari lililo dogo.

Basi nikaifanya upya hesabu yangu, safari hii kwa kalamu. Bamba lililo mlangoni mwa pikapu linasema uzito wa jumla usizidi kilo 2,910. Tuliipima tupu, tangi likiwa limejaa, kwenye mizani ya ghala moja Kanengo: kilo 1,950. Kwa hiyo uwezo wake wa kubeba ni kilo 960. Sasa tazameni nilivyolibebesha siku ile. Moja ya nne ya tela la kilo 2,900 ni 725. Kiti cha chuma ni 90. Watu watano, tukiwahesabu 70 kila mmoja, ni 350. Magunia manne ya mahindi ni 200. Jumla 1,365. Tulizidisha kilo 405, na nilikuwa nimeapa kwamba tumebakiwa na 100! Tena vijana wa ghala walikuwa wameipanga saruji mbele ya tela ili mlango ufungike, hivyo mgongo wa gari ulipata zaidi ya robo. Hesabu ya kuvuta ilituona hatuna kosa. Hesabu ya kubeba hatukuiuliza.

Ukiianzia hesabu mwisho kwenda mwanzo unapata safari iliyo salama. Chukua 960. Toa kiti, 90. Toa watu watatu, 210. Zinabaki 660, na ndani ya sanduku la pikapu usitie kitu kingine. Acha 60 za akiba, maana barabara zetu zina mashimo na mizani hudanganya. Ukibaki na 600, nazo ziwe robo ya tela, basi tela lote lisizidi 2,400. Toa 900 za tela tupu, zinabaki 1,500, yaani mifuko 30 ya saruji. Si 40. Na hata hapo inafaa kutazama maandishi ya tairi za nyuma na uzito ambao ekseli ya nyuma inaruhusiwa, kwa kuwa mzigo huu huangukia huko karibu wote. Fundi amekisogeza kiti mpaka juu ya ekseli, mbele yake kwa upana wa vidole vitatu, na shingo ya tela imerefushwa. Saruji sasa hupangwa kuanzia juu ya magurudumu ya tela, na kila mara tunapobadili mzigo tunapitia mizani.

Nimemaliza kwa Curtiss kama nilivyoanza. Hakuishi kuona Aerocar ikienea. Mwaka 1930 alikuwa Rochester, mji aliokuwa tarishi wa baiskeli, kwa ajili ya kesi aliyofunguliwa na mshirika wake wa zamani, August Herring. Akashikwa na maumivu ya kidole tumbo, akapasuliwa katika hospitali ya Buffalo, akafariki tarehe 23 Julai, mwenye umri wa miaka 52. Alizikwa Hammondsport. Matela yake yaliendelea kutengenezwa katika miaka ya 1930, lakini dunia ilimkumbuka kwa ndege, na aliyeandika kitabu chetu aliipa sura ile kurasa nne tu.

Mama yule wa magunia amepanda gari langu mara mbili tangu pale. Mara ya kwanza alishuka chini, akazunguka nyuma, akaitazama springi, ndipo akapanda. Utingo amepona. Bwana wangu ameikubali hesabu, lakini si kwa moyo mweupe. Mpaka wiki iliyopita alikuwa bado ananiuliza habari za ile mifuko kumi.